Kutikisa mkono si kubonyeza kitufe: je, kila gemu inafaa kuchezwa kwa mwendo?

Mshika Rimoti (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Anayetaka kujua kama kuendesha gemu kwa mwendo wa mwili kunafaa kila mahali, ningemshauri aanze na bolingi iliyomo ndani ya Wii Sports, gemu iliyotoka pamoja na mashine ya Wii ya Nintendo mwezi Novemba 2006. Mchezaji anashika rimoti, anabana kitufe cha upande wa chini kana kwamba vidole vyake vimeingia kwenye tundu za tufe, anarudisha mkono nyuma, anauleta mbele, kisha anaachia kitufe. Kasi ya tufe inatokana na kasi ya mkono, na kupinda kwake kunatokana na jinsi kifundo cha mkono kilivyogeuka wakati wa kuachia. Tazameni kwamba kitufe hakikuondolewa. Waliobuni gemu ile walitambua kuwa kuna jambo moja, yaani kuachia tufe, ambalo ni la ndiyo au hapana, wakalikabidhi kwa kitufe. Na kuna mambo mawili, kasi na mpindo, ambayo ni ya kiasi, wakayakabidhi kwa mkono.

Hoja yangu yote imo humo. Kitufe hujibu swali la "nifanye au nisifanye?", ilhali mwendo wa mwili hujibu swali la "kwa kiasi gani, na kuelekea wapi?". Gemu inayomlazimisha mchezaji atumie mwendo kujibu swali la kwanza inakuwa imempa kitufe cha polepole, kinachochosha mkono, na ambacho mara nyingine hakisikii.

Inafaa kueleza kidogo kilichomo ndani ya ile rimoti, kwa sababu lawama nyingi zilizoelekezwa kwa wabunifu zilikuwa za vyuma, na nyingi zilizoelekezwa kwa vyuma zilikuwa za wabunifu. Rimoti ya mwanzo ilikuwa na akselerometa, yaani kipimo cha mchapuko, pamoja na kamera ndogo ya miale ya infraredi kwenye ncha yake. Akselerometa inahisi kusukumwa na inahisi mvutano wa dunia, lakini peke yake haiwezi kutofautisha vizuri kati ya mkono ulioinama na mkono uliosogea kwa ghafla. Ndiyo maana tenisi ya Wii Sports haikuhitaji ujue kushika raketi: mchezaji wa kwenye kioo alikimbia mwenyewe, nawe ulitakiwa tu kupiga kwa wakati unaofaa, hata ukiwa umekaa kwenye kochi. Kamera nayo ilikuwa ikitazama ule upau unaowekwa juu au chini ya televisheni, ambao wengi walidhani ndio unaohisi mkono, kumbe ulikuwa taa tu. Mishumaa miwili iliyowashwa ingefanya kazi ileile. Jairoskopu, ambayo hupima mzunguko wenyewe, ilikuja mwaka 2009 katika kifaa cha nyongeza kilichoitwa Wii MotionPlus. Kwa hiyo, kati ya mwaka 2006 na 2009, kila gemu ya upanga kwenye Wii ilikuwa inakisia.

Sasa twende kwenye mifano inayouma. The Legend of Zelda: Twilight Princess ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya mashine ya GameCube, kisha ikahamishiwa pia Wii. Kwa kuwa shujaa wake, Link, alikuwa wa mkono wa kushoto na wachezaji wengi hushika rimoti kwa mkono wa kulia, ulimwengu mzima wa toleo la Wii uligeuzwa kushoto kuwa kulia, kama taswira ya kwenye kioo cha kujitazamia, ili upanga uwe upande wa kulia. Kazi kubwa kiasi hicho ilifanyika, na bado mtikisiko wowote wa rimoti ulitoa pigo lilelile la upanga. Ungeweza kutikisa kama anayefukuza nzi na Link angekata vizuri tu. Kulenga mshale kwa kuelekeza rimoti kwenye kioo, kwa upande mwingine, kulikuwa kwepesi kuliko kijiti chochote cha kidole gumba, kwa sababu hapo swali lilikuwa "wapi?".

Donkey Kong Country Returns ya mwaka 2010 ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa ni gemu nzuri. Kubiringika, ambako ndiko mtu anakokuhitaji ukingoni mwa shimo katika sehemu ndogo ya sekunde, kulifanywa kwa kutikisa rimoti, na toleo la Wii halikukupa njia nyingine. Toleo la 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, lilipotoka mwaka 2013, kitufe kikarudi, na gemu ikawa ileile bila kupungukiwa na chochote. Sijui kipimo kizuri zaidi ya hicho: ondoa mwendo, weka kitufe, kisha uangalie kama kuna kilichopotea. Bolingi ingekufa. Donkey Kong alipona.

Sony nao walipita njia hiyo. Mwaka 2007, gemu ya Lair kwenye PlayStation 3 ilimtaka mchezaji aelekeze joka kwa kuinamisha kidhibiti cha Sixaxis, na mwaka uliofuata likatolewa sasisho lililoruhusu kutumia kijiti. Kuruka angani kunaonekana kuwa swali la "wapi", na kwa hiyo kanuni yangu ingepaswa kuikubali gemu hiyo. Tatizo ni kwamba kidhibiti kilichoshikwa kwa mikono miwili hewani hakina mahali pa kupumzika, na mchezaji hajui katikati ni wapi. Kijiti kina springi inayokirudisha katikati, lakini kiwiko cha binadamu hakina.

Gemu za mapigano sitazisemea kwa urefu. Zinahesabu muda kwa fremu, yaani picha mojamoja zinazopita kwenye kioo, nyingi zikiwa fremu 60 kwa sekunde, na mkono hauwezi kuanza, kwenda na kusimama ndani ya fremu tatu. Wenyewe Nintendo, walipotoa Super Smash Bros. Brawl mwaka 2008 katika kilele cha umaarufu wa Wii, waliruhusu kidhibiti cha zamani cha GameCube kichomekwe.

Kisha, Novemba 2010, ikaja Kinect ya Microsoft, kamera inayofuata mwili wa mchezaji, ambayo iliondoa hata kile kitufe kimoja cha bolingi. Viliuzwa vifaa milioni 8 katika siku 60 za kwanza, na mwili mzima ukawa rimoti. Lakini mchezaji anayetaka kwenda mbele kwenye gemu atatembeaje sebuleni? Wabunifu wengi wakaamua kutembea kwa niaba yake. Katika Fable: The Journey ya mwaka 2012 unakaa kwenye mkokoteni unaovutwa na farasi, kwa sababu mtu aliyekaa hahitaji miguu. Dance Central ilifaulu kwa sababu katika kucheza dansi mwendo ndio gemu yenyewe. Steel Battalion: Heavy Armor ilianguka vibaya, na kisa chake kinachekesha kwa huzuni: gemu ya kwanza ya mfululizo huo, ya mwaka 2002, iliuzwa na kidhibiti kikubwa mno chenye vitufe takribani 40, na watu waliipenda kwa sababu ya vitufe hivyo; miaka kumi baadaye swichi nyingi za ndani ya kifaru cha vita zikageuzwa kuwa ishara za mikono hewani, na kamera ikawa inachanganya ishara moja na nyingine huku adui anapiga risasi. Xbox One nayo, mashine ya Microsoft, ilipotoka Novemba 2013 iliuzwa kwa dola 499 ikiwa pamoja na Kinect. Kufikia Juni 2014 ilikuwa inapatikana bila Kinect kwa dola 399.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba haifai kila gemu, na mpaka unapita ndani ya gemu yenyewe, kati ya tendo na tendo, wala haupiti kati ya gemu za watoto na za wakubwa kama inavyodaiwa mara nyingi. Naomba kuwasilisha.

Kifaru Mpole

Mkuu, nimesoma uzi wako wote na nimekubali sehemu kubwa, ila kuna gemu moja umeiruka, nami nadhani umeiruka kwa makusudi. Super Mario Galaxy ya mwaka 2007 inakutaka utikise rimoti ili Mario azunguke. Hilo ni swali la ndiyo au hapana kabisa. Hakuna kiasi, hakuna mwelekeo. Kwa kanuni yako ingepaswa kuwa kero kama Donkey Kong, lakini sikumbuki mtu akilalamika, na mimi mwenyewe niliimaliza bila kuwazia mkono wangu. Unalieleza vipi jambo hilo?

Mkaazi wa Banda

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nina banda la gemu lenye televisheni nne na mabenchi, na vijana wanalipia kwa mechi. Nichangie kwa upande wa mpira, kwa sababu ndio unaochezwa kwangu asubuhi hadi usiku.

Kwanza ni suala la nafasi. Microsoft walishauri mchezaji mmoja wa Kinect asimame takribani mita 1.8 kutoka kwenye kifaa, na wawili wasimame mita 2.4. Katika mita hizo mimi ninakalisha watu sita na watazamaji wao. Kijana akirusha mkono kwa furaha anampiga jirani puani, na hiyo ni kabla ya kurusha mkono kwa sababu gemu imemtaka arushe.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike, toleo la Wii la Pro Evolution Soccer 2008 lilifanya jambo ambalo sijaliona tena. Unaelekeza rimoti kwenye kioo, unamwonyesha mchezaji asiye na mpira mahali pa kukimbilia, kisha unamchorea pasi hadi kwenye nafasi. Ukiizoea, unaacha kuwa mtu mmoja mwenye mpira na unakuwa kocha mwenye kidole juu ya uwanja. Lakini shuti lilipigwa kwa kutikisa ile sehemu ya mkono wa kushoto, Nunchuk. Hivyo gemu moja ilikuwa na tendo linaloipa nguvu hoja ya mleta uzi na tendo linalolaumiwa na hoja hiyo, tena ndani ya shambulizi moja. Nakubali kwamba mpaka unapita ndani ya gemu.

Mshika Rimoti (mleta uzi)

Ndugu Kifaru Mpole, umenishika. Sikuiruka kwa makusudi, lakini ningeikumbuka ningejaribu kuiruka.

Nimejaribu kuitafakari upya, na nadhani tofauti iko katika gharama ya kuchelewa. Mzunguko wa Mario ni mpana na unasamehe: unamsaidia kuokoa ruko ambalo tayari limeshafanyika, unapiga maadui wote wanaomzunguka, na ukichelewa kidogo bado unafaa. Kubiringika kwa Donkey Kong kunaanzisha ruko, na ukichelewa kidogo umeshatumbukia. Pia katika Galaxy rimoti ilikuwa mkono mmoja na Nunchuk mkono mwingine, kila mkono ukiwa huru ubavuni, kwa hiyo mtikisiko ulikuwa mdogo kama wa kupukuta maji. Naongeza basi kwenye kanuni yangu kwamba tendo la ndiyo au hapana linaweza kupewa mwendo iwapo gemu inavumilia kuchelewa. Hata hivyo, sioni kwamba lingeharibika likipewa kitufe, na katika Switch, mashine ya Nintendo iliyokuja baadaye, toleo la gemu hiyo lilitoa pia kitufe cha kuzungukia.

Mkaazi wa Banda, mfano wako wa Pro Evolution Soccer ni mzuri kuliko yote niliyoweka juu.

Jairo Muda Wote

Wachangiaji wote mmezungumzia mashine za sebuleni, ilhali wengi wetu hapa tunatumia udhibiti wa mwendo kila siku bila kuuita hivyo. Mimi nacheza PUBG Mobile kwenye simu nikiwa nimewasha jairoskopu muda wote, na siwezi tena kurudi kwenye vidole vitupu.

Naomba nieleze kwa wasiojaribu. Kwenye kioo cha simu, kidole gumba cha kulia kina kazi tatu kwa wakati mmoja: kugeuza kamera, kulenga, na kufyatua. Kidole kinafunika sehemu ya kioo na kinakwama kikiwa na jasho. Ukiwasha jairoskopu, kidole kinafanya kazi ya kugeuka kwa upana, na vifundo vya mikono vinafanya ile kazi ya mwisho ya kusogeza shabaha nusu sentimita na kuvuta silaha chini inaporuka juu kwa kishindo. Hakuna anayeirusha simu wala kuitikisa. Mtu aliyekaa pembeni hataona kwamba unafanya chochote. Nintendo walifanya vivyo hivyo katika Splatoon ya mwaka 2015, ambako kijiti kinageuza na kidhibiti kikiinamishwa kinalenga, na Breath of the Wild ya mwaka 2017 ikafanya hivyo kwa upinde. Vidhibiti vya PlayStation 4 na 5 vina jairoskopu ndani, na mashine ya mkononi ya Steam Deck pia, ingawa gemu nyingi haziigusi.

Kwa hiyo ningependa kumrekebisha mleta uzi katika jambo moja. Mifano yake inaonyesha mwendo ukichukua nafasi ya kitufe au kijiti, ilhali mafanikio makubwa ya miaka ya karibuni yamepatikana pale mwendo ulipokaa juu ya kijiti na kukisaidia. Kanuni ya "wapi" imegawanyika mara mbili: wapi kwa upana ni kazi ya kidole, na wapi kwa usahihi ni kazi ya kifundo. Lair ingeweza kuokoka hivyo.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kujaribu ni kwamba simu nyingi za bei nafuu zina akselerometa tu na hazina jairoskopu. Gemu ya magari ya kuinamisha simu itachezeka vizuri, lakini kulenga hakutawezekana. Kagueni kabla ya kununua.

Dada Nuru

Naona mjadala unaendelea kana kwamba mikono yote duniani ni sawa. Mama yangu mkubwa, ambaye hajawahi kushika kidhibiti chenye vitufe kumi na vinne, aliielewa bolingi ya Wii kwa dakika moja na akatushinda sote sikukuu ile, na nina hakika kwamba mkimpa kidhibiti cha kawaida atakirudisha kwa heshima na kwenda kuangalia chungu jikoni. Kwake yeye kitufe ndicho kigumu, kwa kuwa lazima kwanza akariri kwamba duara ni kuruka na pembetatu ni kufungua mlango, jambo ambalo halina mantiki yoyote mwilini.

Papo hapo, binamu yangu ambaye mkono wake mmoja hauinuki vizuri hawezi kucheza gemu inayomlazimisha kurusha mikono miwili, ingawa kwa kijiti anatushinda. Kaka Mshika Rimoti, kanuni yako inauliza tendo ni la aina gani, lakini haiulizi anayetenda ni nani. Skyward Sword, gemu nyingine ya Zelda, ilitoka Novemba 2011 ikiwa haichezeki kabisa bila MotionPlus; toleo lake la HD la Julai 2021 lilimruhusu mtu apige upanga kwa kijiti cha kulia. Miaka kumi kasoro kidogo binamu yangu alisubiri nje ya gemu ambayo sisi tulikuwa tunaisimulia mbele yake.

Kifaru Mpole

Dada Nuru ameitaja Skyward Sword, nami nilikuwa ninaielekea. Hiyo inatimiza kanuni kikamilifu: upanga unafuata mkono, adui anakinga upande mmoja nawe unakata upande mwingine, mmea unaofungua kinywa kwa mlalo unakatwa kwa mlalo. Ni swali la "wapi" kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbona basi ndiyo iliyogawanya watu kuliko zote, wengine wakiiona kilele cha Wii na wengine wakiiacha katikati?

Mshika Rimoti (mleta uzi)

Swali hili nimekaa nalo tangu asubuhi, na jibu langu ni kwamba upanga wa kwenye kioo hugongana na vitu, lakini mkono wangu haugongani na chochote. Adui akikinga, upanga wa Link unasimama na kurudi nyuma, huku mkono wangu ukiendelea hadi mwisho wa pigo. Kuanzia hapo mimi na Link hatuko mahali pamoja tena, na lazima mmoja wetu amsubiri mwenzake. Kitufe hakina tatizo hilo kwa sababu hakikuahidi kamwe kwamba wewe na Link ni kitu kimoja. Ongeza kwamba mkono unapojiandaa kukata kutoka kulia lazima kwanza uende kulia, na jairoskopu inaweza kudhani maandalizi yale ndiyo pigo lenyewe. Anayetikisa kwa utulivu aliifurahia gemu. Anayepigana kwa hasira alishindwa, na wengi wetu hupigana kwa hasira.

Angalieni jinsi Beat Saber, gemu ya muziki inayochezwa kwa miwani ya uhalisia pepe, inavyolikwepa jambo hilo. Mchemraba unakuja na mshale unaoonyesha upande wa kukata, mtu anakata, na panga la mwanga linapita ndani yake bila kuzuiwa. Hakuna kinachosukuma mkono katika dunia ya gemu, na hakuna kinachousukuma sebuleni. Tufe la bolingi ni hivyohivyo: likishatoka mkononi limekwenda, nawe unabaki kutazama.

Jairo Muda Wote, nakubali marekebisho yako bila masharti, na ninajuta kwamba nilianza kuandika nikiwa nawaza televisheni peke yake. Dada Nuru, kwako sina hata neno la kujitetea. Ningeuandika uzi huu upya, ningeuanza na binamu yako: tendo lolote lililopewa mwendo lipewe pia kitufe kwenye mipangilio, tangu siku ya kwanza na si baada ya miaka kumi, kisha ndipo sisi wengine tuendelee kubishana ni lipi tamu zaidi.

Mkaazi wa Banda

Samahanini kwa kurudi nyuma, lakini ndani ya stoo nina Wii ambayo upau wake wa taa umekatika waya, na nilikuwa nimekata tamaa nayo. Hiyo mishumaa miwili ulikuwa unatania au ni kweli?

Mshika Rimoti (mleta uzi)

Ni kweli kabisa, mkuu. Iweke chini ya televisheni, ikiachana kwa takribani sentimita 20, na uelekeze rimoti huko; utaona alama ya mkono inatokea kwenye kioo. Funga pazia kwanza kama jua linaingia, kwa sababu nalo linatoa infraredi, na usiweke pazia lenyewe karibu na mishumaa.